Pilau ya Njano ya Mumeo

Mke wangu Bibi Mwanaisha,

Usijifanye hunijui. Ni mimi Idi, mjukuu wako, mume uliyejichagulia mwenyewe nikiwa bado nanyonya, halafu ukanitangaza kwa majirani kwamba hata maji nayaunguza. Leo umetimiza mwaka tangu utuache, na leo mumeo kapika. Kaa vizuri.

Tulipanga siku nzima nyumbani. Shangazi Zaina aje kutoka Malvern, upande wa pili wa jiji, apike pilau, shehe aje asome dua, Mama atoke kazini asubuhi. Kumbe theluji nayo ina mipango yake. Imeshuka tangu alfajiri, Bibi, ile ya kusema, "Nani kaacha friji wazi huko juu?" Mabasi yamelala. Gari ya Shangazi imefukiwa, imebaki kuonekana kioo tu. Shehe katuma salamu. Mama naye kazuiliwa kule anakotunza wazee, maana wa kumpokea zamu hakufika. Akanipigia: "Idi, basi, tutafanya siku nyingine."

Siku nyingine? Mwaka wa mtu unatimia mara mbili? Nikamwambia nyama imeshayeyuka, napika mimi. Akasema, "Ya Rabi."

Basi nikaingia jikoni kwako. Vitunguu nilivikaanga vizuri mno, ungeona wivu. Shangazi ananielekeza kwa simu: "Sasa tia bizari, vijiko viwili." Simu ikaisha chaji hapo hapo. Kabatini chupa zako zote sawa, hata moja haina jina, kwa sababu wewe ulikuwa unasoma kwa pua. Nikachukua ya mbele. Nikatia viwili, nikaongeza kimoja cha mapenzi.

Bibi, bizari ya manjano! Pilau ikatoka njano kama koti la wale wanaozoa theluji barabarani.

Ningeificha, ila harufu ilishafika korido. Mama Furaha, yule Mkongomani wa mlango wa pili, akagonga na wanawe watatu, shule zimefungwa. Akafunua sufuria: "Idi, hii ni muchele ao ni jua?" Kabla ya kula nikasoma dua mwenyewe, Fatiha moja na Kulhuwallah tatu, ndizo nilizobakiwa nazo tangu nitoroke chuo cha Kurani. Mama Furaha, Mkristo wa watu, akaitikia Amina kubwa kuliko ya shehe. Wakala wakamaliza. Ukoko niliugombania, nikashindwa na mtoto wa miaka sita.

Mama kafika saa kumi, theluji mpaka kwenye kope. Nilikuwa nimemwekea sahani mapema. Akaitazama, akaonja, akacheka mpaka akakaa chini na buti zake. Tangu uondoke sijamsikia akicheka hivyo.

Nilipokuwa naosha vyombo nikafungua chupa ya pili, ile niliyotakiwa kutia. Bizari nyembamba, uliyoikaanga na kuitwanga mwenyewe. Imebaki vijiko viwili tu. Nikanusa.

Bibi. Ulikuwa humo, wewe mzima, na khanga yako.

Nikaifunga upesi. Ningekuwa mpishi hodari, leo ungeishia sufuriani.

Basi lala salama, mke wangu. Nakuahidi, mwakani napika tena, dhoruba ije isije, na bizari nitanunua. Yako nimeificha nyuma ya chumvi. Nitakuwa nanusa tu, kidogo kidogo. Shangazi simwambii.

Mumeo,
Idi, ambaye maji hayaunguzi tena