Elfu Arobaini wa Kukataa

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, nawe nipe zako sasa hivi, kabla hujafika ukurasa wa pili, maana baada ya hapo sijui kama utakuwa nazo. Mimi ni mzima. Kile kifua kilichonisumbua kimepona, wifi yako anakusalimu, na watoto wanakula na kugombana kama kawaida. Vipi magoti ya Mama? Ile dawa ya kuchua inamsaidia, au bado anaificha chini ya mto na kukwambia ameshapaka? Na shemeji, bado anabishana na redio?

Najua utashangaa kupata barua na simu zipo. Simu nilijaribu mara mbili wiki hii. Mara ya kwanza nikakuuliza habari za mvua. Mara ya pili nikakuuliza tena habari za mvua, ukanicheka na kuniuliza kama nimeanza kilimo. Nikaona kwa mdomo sitaweza. Nimempa barua hii jirani yangu, fundi cherehani, anayekuja huko kesho kumwona mama yake. Atakukabidhi mkononi pamoja na bahasha kubwa. Bahasha hiyo usiifungue mpaka umalize kusoma.

Habari yenyewe inamhusu mwanao, Daktari. Nikiandika jina hilo bado namwona ana miaka sita, kamfunga kuku wako mguu kwa tai yangu ya kazini, na sote tukaogopa kumkemea kwa jinsi alivyokuwa na uso wa kazi. Miaka kumi na miwili imepita na hajawahi kutaka kuwa kitu kingine zaidi ya daktari wa mifugo. Kwa hiyo nisikilize kwa makini, Dada, maana nafasi yake ya kusoma inaweza kupotea Alhamisi ijayo saa sita mchana, na ikipotea aliyeipoteza ni mimi.

Unajua ninavyojivunia kazi yangu. Hii Ofisi ya Udahili ina meza sita, mashine moja ya kuchapa inayopiga kelele siku nzima, na ubao wa kioo ukutani ambapo kila mwaka tunaandika nafasi ya chuo chetu kwenye ile orodha kubwa ya vyuo bora. Kumi na tano, kumi na tatu, kumi na moja. Nami kila mwaka nimekuwa nikiwapigia simu huko nyumbani kuwatangazia, kana kwamba mpira naucheza mimi. Shemeji alishawahi kuniuliza orodha hiyo inapima nini hasa. Nikamjibu kwamba inapima ubora. Akauliza ubora wa nini. Nikamwambia angalie mpira wake aniache.

Kazi yangu, kama unavyojua, ni barua. Kila barua inayotoka kwa waombaji imepita mkononi mwangu. Miaka mitatu iliyopita Mkuu wetu wa Udahili, mama mmoja mpole ambaye sijawahi kumsikia akipandisha sauti, aliniita akanipa barua kavu ya kuwaalika vijana waombe nafasi kwetu. Akasema haina moyo, niitie moyo. Nilikaa nayo siku mbili na sikupata neno. Siku ya tatu nikaamua kumfikiria mtu mmoja ninayempenda, nikaandika kama namwandikia yeye. Nikamfikiria Daktari, aliyekuwa bado kidato cha tatu. Ndipo yakatoka yale maneno: “Tumesoma habari zako kwa utulivu, na tumekuona. Kuna kiti hapa ambacho kinamsubiri mtu kama wewe.”

Ndiyo, Dada. Ile barua aliyoibandika ndani ya mlango wa kabati, ile uliyonisomea kwenye simu huku unalia kwa furaha, niliiandika mimi. Hukunipa nafasi ya kusema, na nikisema ukweli, sikuitafuta. Nilikuacha usome mpaka mwisho. Ilikuwa tamu kusikia maneno yangu kwa sauti yako. Wakati huo niliamini kwamba kuna mtu ghorofani kwetu aliyekaa kweli, akasoma habari zake kweli.

Sasa nikueleze nilichokiona. Jumanne moja asubuhi mashine ya kuchapa ilikwama. Kijana wetu wa takwimu, tunayemwita Desimali kwa sababu hata umri wake anautaja kwa nukta, alikuwa ameenda kunywa chai. Nikavuta karatasi zilizokwama. Zilikuwa orodha ya wale tuliowaandikia barua ya mwaliko, majina elfu arobaini na kitu. Mbele ya kila jina kulikuwa na alama za mtihani na safu mbili. Moja imeandikwa Mwaliko, ya pili imeandikwa Uamuzi. Nikapitisha jicho kwenye safu ya Uamuzi. Kataa. Kataa. Kataa. Ukurasa mzima, na wa pili, na wa tatu.

Nilidhani ni orodha ya mwaka jana. Nikatazama tarehe iliyo juu ya ukurasa. Ilikuwa ya wiki moja kabla barua hazijatumwa. Dada, hakuna hata mmoja kati ya watoto wale aliyekuwa amejaza fomu siku hiyo. Hawakuwa wameomba chochote, na walikuwa wameshakataliwa.

Nikaanza kutafuta jina, ingawa sikutaka kulipata. Nililipata kwenye mstari wa elfu kumi na saba mia tatu na sita. Jina lake kamili, na jina la shule yake limekosewa. Mwaliko: ndiyo. Uamuzi: kataa.

Desimali aliporudi na kikombe chake nilimuuliza hii ni nini. Hakushtuka wala hakunificha, alinieleza kwa subira kama anayemfundisha mtoto kufunga viatu. Wenye orodha kubwa, alisema, wanauliza watu wangapi wameomba na wangapi wamepokelewa. Kadiri wanaopokelewa wanavyokuwa wachache kati ya kila mia, ndivyo chuo kinavyohesabiwa kuwa bora. Alama za kukubalika kwetu zinajulikana toka mwanzo, hivyo wanachagua vijana walio chini yake kidogo. Wakiwa chini sana hawatathubutu kuomba, na wakiwa juu sana itabidi wapokelewe kweli.

Kisha akaniambia sentensi ambayo tangu siku hiyo naisikia hata nikipiga mswaki. “Nafasi hatuwezi kupunguza, mzee. Tunaongeza watu wa kukataa.”

Nilikwenda kwa Mkuu. Nilitegemea atang'aka, au aniambie kijana amekosea. Alinikaribisha kiti, akanisikiliza, akanieleza kwa upole kwamba hakuna mtu tunayemlazimisha kuomba, kwamba vyuo vyote vikubwa vinafanya hivyo hivyo, na kwamba barua yangu ndiyo iliyofanya kazi kuliko kitu kingine chochote ofisini. Waombaji wameongezeka mara mbili tangu niiandike. Akasema, “Matumaini hayajawahi kumdhuru mtu.” Halafu akaniuliza habari za kifua changu.

Nikajipa moyo kwamba huenda hesabu ni za ujanja lakini chuo chenyewe ni kizuri, kwa hiyo kosa si kubwa. Saa ya chakula nikatembea mpaka kitivo cha mifugo, mahali ambapo kwa miaka kumi na minne nimepasifia bila kupakanyaga. Nisiwe mwongo mara ya pili: maktaba yao ni nzuri mno, vioo vitupu na vitabu mpaka darini, na kuna mwalimu mmoja wa magonjwa ya ndege ambaye wanafunzi wanamfuata mpaka kwenye maegesho ya magari. Ila nilimkuta binti mmoja wa mwaka wa tatu ameketi kwenye ngazi, nikamuuliza ameshazalisha ng'ombe wangapi. Alidhani namtania. Ng'ombe wao wako wawili, wanafunzi ni mia na themanini, na yule profesa mwenye jina kubwa, ambaye picha yake iko kwenye kila kijitabu chetu, hajaingia darasani kwao tangu waanze. Nilipomuuliza kwa nini alikuja hapa alinitajia nafasi yetu kwenye orodha.

Basi nikakumbuka kile chuo kidogo cha mifugo kilichompa Daktari nafasi mwanzoni, kile nilichokiita chuo cha mabuti. Kwenye orodha hakimo kabisa, si juu wala si chini, na mimi nilichukua hiyo kuwa ushahidi kwamba hakifai. Juzi nilimpigia msajili wao. Nilimuuliza kwa nini hawamo. Alinijibu kwamba fomu ya kuingia ina kurasa tisini, na mtu pekee anayeweza kuijaza ni fundi wao wa maabara, ambaye fomu ilipofika alikuwa na ng'ombe wanne wanaokaribia kuzaa. Aliiweka kwenye droo na hajaitoa. Mwanafunzi wao wa mwaka wa pili, anasema, ambaye hajaingiza mkono kwenye ng'ombe mpaka begani haruhusiwi kufanya mtihani. Nilicheka, kisha nikashindwa kuendelea kucheka.

Nafasi ya Daktari wameshampa mwingine, kwa kuwa alijitoa mwenyewe kwa barua. Lakini kuna kijana mmoja hajaripoti. Msajili amekubali kumwekea Daktari nafasi hiyo mpaka Alhamisi saa sita, kwa sharti aje mwenyewe na vyeti vyake halisi. Na vyeti vyake halisi, kama unavyojua, alivileta kwetu, kwa sababu tunavidai kabla hatujampa mtu jibu.

Vimo kwenye hiyo bahasha kubwa. Nilishuka masijala nikavitoa. Fomu ya kuvitoa inataka sahihi ya mwombaji au ya mlezi. Sikuiga mkono wake, niliweka sahihi yangu na jina langu palipoandikwa mlezi. Jumatatu Mkuu ataona kwamba mwaka huu ana mtu mmoja pungufu wa kukataa, na ataona aliyempunguza ni nani. Nitakwenda kazini kama kawaida na kumsubiri aniite. Nyuma ya vyeti nimeweka pia ule ukurasa wenye mstari wa Daktari, ili asidhani mjomba anamzuia kwa wivu au kwa kumdharau. Akiutazama na bado akataka kusubiri jibu letu, avirudishe, ni haki yake. Ila auone kwanza.

Sasa limebaki jambo moja, Dada, nami nimelizunguka kurasa zote hizi.

Unakumbuka siku uliyonipigia kuniuliza kama Daktari aikubali ile nafasi ya chuo cha mifugo au asubiri kwetu. Ulisema, “Wewe uko ndani, wewe ndiye unayejua.” Nami nikakwambia asubiri. Umekuwa ukimwambia kila mtu anayeuliza kwa nini alijitoa kwamba mjomba alishauri kwa nia njema kwa kadiri alivyojua.

Ulinipigia Jumamosi. Ile karatasi niliitoa kwenye mashine Jumanne ya wiki hiyo hiyo. Nilikuwa nimeuona mstari wake siku nne kabla. Nilikuwa nimeshaongea na Desimali, nimeshaongea na Mkuu. Ukaniuliza, nikanyamaza kidogo, ukadhani simu imekatika, ukaita jina langu, nami nikakwambia asubiri.

Nimejaribu kujitafutia sababu na sikuipata yenye heshima. Nilihofia kazi, kidogo. Zaidi ya hapo niliona kwamba nikikwambia ukweli, lazima niseme pia kwamba ile barua ya kabatini ilikuwa mtego na mtego nimeutega mimi, na kwamba ndugu yenu mnayemtaja kwa majirani ni mtu wa kuandikia watoto uongo mtamu. Nikaona bora akataliwe na chuo kuliko mimi nionekane. Jumatatu yake matokeo ya orodha yalitoka, tumepanda mpaka nafasi ya tisa. Mkuu alileta keki, akanipongeza mbele ya wote kwa ile barua, nikapiga makofi na wenzangu. Nilikula vipande viwili.

Sikuombi unisamehe leo. Nakuomba umwamshe mapema Alhamisi, apande gari la kwanza, avae viatu visivyoogopa tope. Mwambie amtafute msajili, si mtu mwingine.

Msalimie Mama, na usimsomee barua hii mpaka magoti yapate nafuu. Msalimie shemeji, mwambie swali lake la orodha lilikuwa zuri na mimi ndiye sikulijibu. Wifi yako na watoto wanawasalimu nyote. Salamu zangu kwa Daktari usimpe. Mpe barua yenyewe aisome mwenyewe, peke yake, mpaka mwisho, na akishamaliza umuulize kama anazitaka.

Ni mimi, mdogo wako.