Kete Nyekundu

Mjukuu wangu Kulwa,

Marahaba. Huku Pasiansi hatujambo. Shangazi yako amehamia Kiseke, na kuku wangu wawili kaondoka nao bila hata kuniomba.

Unauliza kwa nini wenzako chuoni waliucheza mchezo wako mpya wa mezani mara moja tu, kisha wakaukimbia.

Nilipokuwa kijana Igogo, jirani yetu Mhindi alinipa ubao wa keram, ule wa kusukuma kete kwa kidole hadi mashimo ya pembeni, na kunifundisha kuucheza. Nikawaita rafiki zangu. Masanja, ambaye hakuwahi kuuona, akaitumbukiza kete nyekundu shimoni, akaruka kwa furaha. Hapo ndipo nikasema, "Bado. Lazima uifuatishe na kete yako, la sivyo inarudi."

Sikuwa nimemwambia. Na si kwamba nilisahau.

Akairudisha katikati taratibu. "Haya bwana, cheza na sheria zako."

Wiki nzima nilicheza peke yangu, mkono wa kulia ukishindana na wa kushoto. Mwishowe nikajitwika ubao hadi kwao, nikamweleza sheria zote, nikianza na zile za kunifunga mimi. Akanifunga siku ileile. Kesho yake akaja kwetu na wenzake watatu.

Wewe, Kulwa, uliwaeleza zote?

Babu yako