Sauti Iliyoniitikia Lembeni

Mjukuu wangu Nakijwa,

Marahaba, salamu zako zimefika. Huku Mhezi tangawizi imekubali, na babu yako bado anagombana na goti lake.

Umenieleza kosa ulilorekebisha kwenye programu inayofunga diski ya kompyuta kwa ufunguo wa siri. Ilikuwa inaachia nafasi ya kumbukumbu, nafasi inapewa kazi nyingine, kisha programu yenyewe inarudi kuweka ufunguo palepale, kana kwamba bado ni pake. Unauliza ilikuwaje miaka yote hiyo asishtuke mtu.

Nilipokuwa msichana, mama alinituma Lembeni kila siku ya gulio kwa shangazi, aliyekuwa mgonjwa. Alilala chumba chenye giza, amegeukia ukutani. Kila mara nilisema shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti iliyokauka, nikampa maneno ya siri ya mama, nikaondoka.

Siku moja sauti ikasema, "Marahaba, mwanangu. Leo umechelewa." Kisha akageuka. Uso ule sikuwahi kuuona.

Kumbe shangazi alikuwa amehamia Same, na tangu ahame magulio matatu yalikuwa yamepita. Chumba alikuwa amepanga mwanamke mwingine, mgonjwa naye. Nilimuuliza kwa nini alikuwa akiniitikia.

"Umeniamkia," akasema. "Ningenyamaza?"

Siri zote za mama za magulio yale matatu alikuwa nazo yeye.

Mlango ungekuwa umefungwa, ningejua siku ya kwanza. Lakini niliitikiwa. Mpaka leo, mtu akinijibu huku amenipa mgongo, sisemi neno hadi ageuke.

Bibi yako