Hakikisha Kidonda Kinakauka

Chumba cha juu ya duka la viatu,
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Kaka yangu mpendwa,

Hujambo? Wifi hajambo? Watoto wamepona mafua? Mimi mwili mzima. Nimeanza na salamu kwa sababu mama alitufunza adabu. Bila hivyo ningeanza na matusi.

Umenikera, kaka. Jana nimetia chumvi kwenye chai kwa hasira, na nikainywa.

Kazi yangu ya maabara unaijua. Mwaka wa tatu huu nasaga maganda ya kamba wa baharini, nayapika na dawa mpaka yawe ute, namimina kwenye sinia, napata kibandiko laini cha vidonda. Jina la Shombo mlilonipa limenishika kweli. Hata paka wa jirani ananifuata. Kibandiko chenyewe kinakaa siku saba bila kuguswa, kidonda kibaki na unyevu, ngozi mpya ipate pa kutambaa.

Daktari alikubali kibandiko kijaribiwe kwa mama. Sukari imemla mguu, na kidonda kisipopungua ifikapo tarehe 21, watamkata kidole gumba. Wiki ya kwanza kilipungua. Nikawa natembea kwa maringo.

Juzi namkuta kakaa uani, mguu juu ya kigoda, kidonda kinapigwa jua, kimekakamaa na kupasuka pembeni. Kibandiko changu kiko kwenye ndoo ya taka. Nikauliza nani kamwambia. Kaka yako, akajibu, tena kwa fahari.

Wewe fundi magari, kaka, uganga umeanza lini? Kidonda ni shati, kianikwe? Mimi nikifungua boneti ya mteja wako si utanifukuza na spana?

Nilishika simu nikutapikie yote. Mama akatoa karatasi chini ya mto aliokalia.

"Usimgombeze mwenzio. Nilimsomea hii."

Ni maelekezo niliyoandika kwa mkono wangu: Hakikisha kidonda kinakauka vizuri.

Kinakauka! Kama tulivyosema utotoni kila goti lilipopona. Nilimaanisha kupona. Mama akachungulia akakuta majimaji, akaogopa, akakusomea, nawe ukamwambia akianike. Nyani haoni kundule. Hasira bado ninazo, ila sasa sijui nizitue wapi.

Nimembandika kipya. Amekubali kwa mdomo tu. Najua nikigeuka atakipeleka juani, maana wewe ndiye kifungua mimba wake na neno lako kwake ni amri.

Basi mpigie leo hii. Usimweleze mambo ya maabara. Mwambie akiache na majimaji yake. Akikuuliza mbona karatasi inasema kikauke, mwambie Shombo alikosea. Nimekuruhusu kulisema hilo, mara hii moja tu.

Nisalimie wifi na watoto wote. Mola awape siha, na mama atubakishie na vidole vyake kumi.

Wako akupendaye, ingawa leo kwa shida,
Mdogo wako,
Shombo