Hitima Chini ya Chuma cha Angani

Buyenzi, Jumanne, 10 Julai 1979

Hapana, hitima ya mume wangu Salumu haiahirishwi. Kesho anatimiza mwaka tangu aniache, na kesho tutamsomea.

Shemeji Idi, mdogo wake, alikuja adhuhuri na habari za redio: chombo cha Waamerika kilichoko angani kitaanguka kesho, na hakuna anayejua wapi.

"Watu watakaa uani, kichwa wazi," akasema.

"Si mtavaa kofia?"

"Apana, shemeji, mi siko nacheza."

"Basi we kaa chini ya meza. Pilau tutakuletea huko."

Nikamkumbusha kwamba kaka yake, fundi bati, angekuwa hai angeomba chombo hicho kianguke kwetu apate chuma cha bure cha kutengenezea majiko. Hata siku ya ndoa yetu alikuwa na kipande cha bati mfukoni. Idi akacheka hadi akafuta macho. Atakuja, ila atakaa karibu na mlango.

Sikumwambia kwamba habari hizo nilizisikia Jumapili, na tangu hapo nimehamisha kitanda mara mbili, kana kwamba hicho chuma kitauliza ninalala wapi.

Zamani paa likilia usiku, nilimwamsha Salumu atoke kuangalia. Leo likilia, nitatoka mimi.