Maji ya Kisima cha Papa Kalenga

Lubumbashi, 2 Februari 1986

Papa mpendwa,

Nakusalimu sana, pamoja na dada Louise na mutoto wake Omer. Mimi ni mzima, ila chakula cha hapa chuoni hakistahili kuandikiwa barua. Magoti yako yanaendeleaje?

Mwaka huu tuna somo la kemia ya mazingira. Tunajifunza kupima vitu visivyoonekana ndani ya maji na udongo. Kila mwanafunzi anatakiwa alete maji ya kwao. Mimi nimejigamba mbele ya wote kwamba papa yangu alitunza maji ya mashine za reli miaka ishirini na sita, na kwamba avenyu nzima inachota kwenye kisima chake. Jérôme wa treni anakuletea chupa mbili. Zimeoshwa huku labo ya kemia, usizioshe tena. Zijaze, umrudishie.

Binti yako,
Hortense

Kalemie, 20 Februari 1986

Mwanangu Hortense,

Salamu nyingi. Sisi tuko wazima isipokuwa hayo magoti, na hayo si habari tena.

Chupa zako hizi hapa. Kisima unakijua: nilikichimba mwaka ule wa kipindupindu, nilipochoka kumwona mama yako, Mungu amrehemu, akibeba ndoo kutoka ziwani huku moyo wake hautulii. Aliyekunywa maji yangu mwaka ule hakuzikwa. Kule depo ya reli tulikuwa tunapima maji kwa sabuni. Yakitoa povu upesi, hayaachi mawe ndani ya boila. Ya kwangu yanatoa povu mpaka Louise ananigombeza kwa kummalizia sabuni. Mwambie profesa wako hivyo.

Omer anakua. Maziwa ya Louise ni kidogo, basi tunamwongezea ya unga, na maji yake nayachemsha mimi mwenyewe. Siku nyingine midomo yake inageuka bluu kama ya muntu aliyetoka kuoga ziwani asubuhi ya baridi. Muuguzi anasema labda ni moyo. Tunaomba.

Papa yako,
Kalenga

Nimesahau: hata ya chupa nimeyachemsha saa mbili nzima. Siwezi kumpelekea mutoto wangu maji ambayo hayajapita motoni.

Lubumbashi, 11 Machi 1986

Papa,

Nakusalimu, na natumaini barua hii inamkuta Omer vizuri. Niliposoma mstari wako wa mwisho nilicheka, na wenzangu wakacheka. Halafu nikapima, nikaacha kucheka.

Ndani ya maji yako kuna chumvi inayoitwa nitrati. Haina rangi, haina harufu, na sabuni haiioni. Inatoka vyooni, mvua inaishusha mpaka kwenye maji ya chini. Muntu mzima anaivumilia. Mutoto mchanga hapana: inaharibu damu yake ishindwe kubeba hewa, na midomo inakuwa bluu. Kwa mutoto isizidi miligramu arobaini na tano katika lita moja. Mimi nimepata mia na arobaini. Moto unaua vijidudu, lakini nitrati hauigusi.

Nimejaribu kukuita kwa phonie, ile redio ya misheni, haikushika. Ndiyo maana nimemwambia Jérôme akupe barua hii mkononi. Tafadhali Papa, msimpe Omer maji ya kisima tena. Choteni bomba la misheni. Halafu nijazie chupa nyingine bila kuchemsha, na uandike juu yake mahali, tarehe, saa, na jina la aliyechota. Choo kile kipya kiko hatua ngapi kutoka kisimani?

Naogopa, Papa.

Binti yako,
Hortense

Kalemie, 25 Machi 1986

Hortense,

Tumepata barua. Tuko wazima.

Kisima hiki kilichimbwa na mikono hii. Wewe umekua kwa maji yake, na midomo yako haikuwahi kuwa bluu, wala kufungwa. Sikulipa minerval ya masomo yako miaka yote hii ili uje kunifundisha maji.

Tena kipimo chako hakifai. Nilikwambia niliyachemsha saa mbili. Mvuke unaondoka, kilichomo kinabaki na kukolea. Hata mfagizi wa depo anajua hilo, kwa sababu kila siku tulikuwa tunafungua boila kwa chini kumwaga maji yaliyokolea. Umepima maji yaliyokolea, halafu unakishtaki kisima. Omer tunamchemshia vizuri, na tangu ulipoandika namwongezea muda.

Papa yako,
Kalenga

Lubumbashi, 9 Aprili 1986

Papa mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima. Umenishika. Kipimo hakifai, na profesa amenikata pointi kwa sababu hiyo hiyo uliyoandika, karibu kwa maneno yako.

Nina swali moja tu. Ikiwa yale ya chupa yalikolea motoni, Omer anakunywa yapi?

Kisima kilitulinda mwaka ule, hilo silisahau. Si kosa lake. Sisi ndio tulioongezeka kukizunguka, pamoja na vyoo vyetu.

Binti yako anayekupenda,
Hortense

Lubumbashi, 30 Aprili 1986

Papa,

Jérôme amefika mara mbili bila barua. Anasema alipita nyumbani akakuta mlango umefungwa. Hata kama umenikasirikia, niandikie neno moja tu juu ya Omer. Silali vizuri.

Hortense

Kalemie, 12 Mei 1986

Mwanangu,

Salamu kutoka kwetu sote, na leo nasema sote bila kusitasita.

Barua yako ya kwanza ya Aprili niliisoma jikoni, sufuria ya Omer ikiwa motoni. Nilisoma lile swali mara moja. Nikaangalia maji yalivyoshuka na mstari mweupe ulioachwa na maji pembeni. Miaka ishirini na sita namwaga maji yaliyokolea ili nisiharibu mashine za serikali, halafu nyumbani namkolezea mjukuu wangu. Nilizima moto, nikaenda misheni na ndoo kwa magoti haya haya.

Jérôme alikuta tumefunga kwa sababu tulikuwa hospitali. Omer alikuwa amelegea. Siku ya nne midomo ilirudia rangi yake. Muuguzi amesikiliza tena, anasema moyo ni mzima.

Sikukujibu kwa sababu niliona haya. Sasa nimesema.

Choo ni hatua kumi na moja kutoka kisimani, upande wa juu wa mteremko. Nilikichimba mimi vilevile. Kisima nimekiwekea kifuniko, na Mama Christiane wa jirani akaja juu: "Papa Kalenga, unatufungia maji juu ya nini?" Nikamwambia: "Haya ya kisima njo maji ya kufulia, mama. Ya mutoto, tufuatane misheni." Hakufurahi, lakini asubuhi nilimkuta kwenye foleni mbele yangu.

Chupa hii mpe profesa wako, akurudishie pointi zako. Nimeandika juu yake kama ulivyotaka.

Papa yako,
Kalenga

Kwenye chupa:

Kisima cha Kalenga, Kalemie. 12 Mei 1986, saa kumi na mbili asubuhi. Hayakuchemshwa. Hayanywewi. Aliyechota: aliyekichimba.