Bâche Yenye Nilichagula

Pori ya upande wa Mulungwishi, mardi 12 janvier 1971

Kwako yaya Émilienne, ku Panda,

Jambo sana, yaya. Uko muzima? Batoto beko bazima? Kikohozi ya Rosalie ilipona? Minye niko na uzima kidogo, mwili tu njo inachoka. Utasamehe maandiko yangu, unajua masomo yangu iliishia ku troisième.

Barua yako, chauffeur Benoît, mwenye anaendesha camion yetu ya kazi, alinipa siku ya posho. Nimeisoma mara ine. Unasema familia ya marehemu bwana yako Germain bangali banakushitaki juu ya bâche ya kilio, ile turubai ya kufunikia bantu ba matanga, yenye ilipotea siku ya kuzika. Mama mukwe yako Eugénie anasema njo weye ulituma muntu aitoshe, juu ulikuwa na haraka kilio iishe utafute bwana ingine. Na samedi bazee bataikala kukata maneno. Kama hauna jibu, batoto babili batabakia kwabo, weye utatoka. Nitakujibu juu ya ile. Lakini uache kwanza nikuelezee kazi, juu maneno yote inapitia pale.

Huku tunakata njia mu pori, bazungu ba prospection bapate kupita na mashini yabo ya kutafuta shaba. Chini ni maji tupu na siafu, muntu hawezi kulala. Tunalala mu hamac, kile kitambaa chenye banafunga na kamba ku miti mbili, na juu yake kila muntu anatandika bâche yake. Hamac haina shida. Bâche njo inaua muntu. Ya depo ni fupi, inaishia ku magoti. Novembre upepo ikaleta mvula ya pembeni, nikalowa siku ine, homa ikaniingia mu kifua mpaka bakanibeba ku hospitali, unakumbuka. Capita wetu Théodore, mukubwa wa kazi, akasema mwenye atarudia na bâche mubaya hatamubeba tena. Akatufundisha: ipite kichwa na miguu mukono muzima kila upande, ikuwe nzito isipige makofi mu upepo, na upande mvula inatokea uishushe karibu na udongo. Ku kamba ya hamac ufunge kipande ya nguo, maji ishukie pale, isifuate kamba mpaka mu mugongo yako. Mwenzangu Nicolas akanicheka, akasema minye na ile bukondefu yangu, jani moja ya ndizi itanitosha, na nitamubakishia nusu.

Basi nilirudia na kubwa, ya zamani, nzito sawa mulango. Théodore akaishika, akasema huyu kijana ananyamazaka, lakini anajua kuchagula. Nilisikia muzuri, yaya. Bantu benye bananisifu si bengi.

Mvula ya kwanza ya nguvu ilipiga saa kenda ya muchana. Kila muntu akaingia mu hamac yake. Kwangu hakukuingia hata tone. Kiisha nikasikia bantu banaikala. Ilikuwa tu kitambaa ya bamama inapangwa, kiti inalia, muntu mukubwa anashusha pumzi. Nikasikia na harufu ya makala. Nikageuza kichwa: hakuna muntu. Mvula ilipokatika nikashuka, nikaona udongo imebonyezwa, alama ya visigino na ya miguu ya viti, imezunguka. Nikajisemea ni nyama ya pori. Lakini nyama haibebake kiti.

Toka pale, kila mvula. Nikafunga hamac ku miti ingine, mbali, bakanikuta. Siku moja Nicolas akakuja kuomba moto, akaangalia chini, cheko yote ikamuisha. Akaniuliza bageni bangu balitoka wapi. Nikasema sina mugeni. Akasema basi wale benye si bageni niwaambie bapunguze kulia, anataka kulala. Minye sijasikia kulia, yaya. Ni yeye njo alisikia. Akahamisha hamac yake karibu na camion.

Jana njo nilielewa. Visigino byote, vidole yake ilikuwa inanielekea. Mahali bamama banaikalaka chini na miguu ya kunyoosha, kulikuwa fasi moja haina alama, fasi ya mujane. Na pa katikati, penye banawekaka maiti, njo pale hamac yangu inaninginia.

Yaya, bâche ni ile ya Germain. Njo minye niliikamata. Bote mulikuwa ku makaburi, bakaniacha nichunge viti. Camion ya kazi ilikuwa inaondoka saa sita. Nikaiangalia pale juu, nikafikiri ile homa. Nilifungula kamba minye peke yangu, nikaikunja mu gunia. Nilisema kilio imebakiza siku moja tu, bataazima ingine ku parokia. Sikujua batakusemea weye. Kiisha nikajua, ku barua yako ya mbele ya Noeli, na nikanyamaza. Unanijua, mbele ya bantu kinywa yangu inakufa. Lakini hii haikukuwa haya. Ilikuwa woga, na chini ya ile bâche kulikuwa kavu.

Unajua kwetu bâche inashuka siku ya tatu, bazee bashike pembe zote ine, bafagie majivu, na marehemu anaenda. Ya Germain haikushuka vile. Bangali banamulilia, na minye njo niko mu fasi yake.

Leo nimeishusha. Théodore amekatala kuniachia mbele ya vendredi. Benoît anateremuka kesho na hii barua, kiisha anarudia kunibeba. Samedi, mbele bazee bafungule kinywa, nitaitandika mu lupango, pale mu kiwanja ya nyumba, kila muntu aikale ile siku yenye ilibakia, na weye ku fasi yako. Minye nitasimama inje, nitasema. Kama sauti inakatala kutoka, usome hii barua kwa nguvu, na jina yangu usiifiche. Kama bananipiga, uache.

Ninaandika chini ya camion. Mvula iko inapiga penye nilikuwa ninalalia, na juu hakuna bâche tena. Pa katikati udongo inalowa sawa fasi yote. Lakini kuzunguka, kwenye bale bantu bangali banaikala, iko kavu.

Busu batoto. Mama Eugénie naye umupe salamu yangu, kama atakubali kuipokea. Mungu akuchunge mpaka tuonane.

Ni minye mudogo yako,
Isidore